Tamko Kuhusu Ununuzi wa Bunduki kwa Minada ya Mtandaoni na Maduka ya Silaha Nchini Marekani

Sisi wanachama wa chama cha wawindaji na walenga shabaha wanaozungumza Kiswahili nchini Marekani, wengi wetu tukiwa watu wa Kongo, Tanzania, Kenya, Burundi, Rwanda na Uganda tuliofika nchi hii kwa njia mbalimbali, tumekubaliana katika mkutano wetu mkuu kutoa tamko hili. Tunalielekeza kwa wanachama wetu na familia zao, kwa wenye maduka ya silaha wanaotuhudumia, na kwa kila mzungumzaji wa Kiswahili aliyeko Marekani anayekusudia kununua bunduki au bastola, iwe kwa uwindaji, kwa shabaha au kwa ulinzi wa nyumba yake.

Chama hakimhimizi mtu yeyote kumiliki silaha. Aliyekwisha kuamua, na sheria ikawa inamruhusu, tunamtaka anunue kwa jina lake mwenyewe, apitie duka lenye leseni, na asitie saini asichokielewa. Huo ndio msimamo wetu, na yanayofuata ni sababu zake.

Tumelazimika kusema kwa sababu minada ya mtandaoni imewafikia watu wetu kabla sheria haijawafikia. Kijana hutuonyesha kwenye simu picha ya bunduki ya kuwindia kulungu, dau bado liko chini, muda unayoyoma, naye anataka kujua kama bei ni nzuri. Bei ndilo jambo dogo kuliko yote. Hatuulizwi vya kutosha kuhusu kaunta ya duka ambako bunduki hiyo itapokelewa, wala kuhusu karatasi itakayowekwa pale mbele ya mnunuzi. Pesa iliyopotea mnadani hutafutwa tena. Uongo ulioandikwa kwenye karatasi ile humfikisha mtu gerezani, na asiye raia unaweza kumtoa nchini na kumtenga na watoto wake.

Bunduki ya mnadani inavyosafiri

Wapo wanaodhani kwamba kila kilichonunuliwa mtandaoni huletwa mlangoni. Zamani mambo yalikuwa hivyo kwa bunduki pia. Machi 1963 Lee Harvey Oswald aliagiza bunduki kwa posta kutoka duka moja la Chicago, akatumia jina la uongo la A. Hidell, na pamoja na gharama za kutumiwa akalipa dola 21.45. Novemba 22 mwaka huohuo Rais John F. Kennedy aliuawa Dallas kwa bunduki hiyo. Miaka mitano baadaye, mwaka waliouawa Martin Luther King na Robert Kennedy, Bunge lilipitisha Sheria ya Udhibiti wa Silaha, na Rais Lyndon Johnson akaitia saini Oktoba 22, 1968. Tangu wakati huo silaha inayovuka mpaka wa jimbo kwenda kwa mtu asiye na leseni hupitia kwa muuzaji mwenye leseni ya shirikisho, na bastola ni lazima ikabidhiwe katika jimbo analoishi mnunuzi.

Mtandao haukuifuta sheria hiyo. Mwaka 1999 eBay ilikataza uuzaji wa bunduki katika minada yake, na mwaka huohuo ukaanzishwa mnada wa GunBroker, unaojulikana leo kuliko mingine ya aina yake. Mnada wenyewe hauweki silaha ghalani. Unawakutanisha muuzaji na mnunuzi tu. Aliyeshinda dau huchagua duka lenye leseni karibu na kwake, duka humtumia muuzaji nakala ya leseni, muuzaji hupeleka bunduki dukani hapo, na mnunuzi huenda na kitambulisho chenye picha na anwani yake ya sasa, akajaza fomu ya shirikisho iitwayo 4473. Mwenye duka huwasiliana na mfumo wa FBI wa kukagua wanunuzi, uliozaliwa na Sheria ya Brady ya 1993 na kuanza kazi Novemba 1998. Yapo majimbo ambako ukaguzi huo hufanywa na polisi wa jimbo.

Kwa hiyo muuzaji wa jimbo la mbali anayekuahidi kuleta bunduki ya kisasa moja kwa moja nyumbani kwako ama ni mwizi, ama anakuingiza kwenye kosa la jinai. Hakuna uwezekano wa tatu. Sheria ya shirikisho inaziacha nje silaha za kale zilizotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake, lakini anayeanza hana sababu ya kuanzia huko.

Zungumza na duka kabla ya kuweka dau. Maduka mengine hayapokei silaha kutoka kwa muuzaji asiye na leseni. Kila duka hujipangia ada ya kupokea na kukabidhi, na mengine hutoza pia gharama ya kuitunza ikikaa muda mrefu. Zaidi ya hayo, mwenye duka ndiye anayejua kama bunduki ile inaruhusiwa katika jimbo lenu. California ina muda wa kungoja wa siku 10 na orodha ya bastola zinazoruhusiwa kuuzwa na maduka yake. Illinois inadai kitambulisho maalumu cha mwenye silaha, na New York inadai leseni kabla ya kushika bastola. Usiliamini duka kwa bango lake tu. ATF, idara ya shirikisho inayosimamia silaha, ina ukurasa wa kuhakiki leseni: unaingiza tarakimu tatu za kwanza na tano za mwisho za namba ya leseni, ukurasa unakuonyesha jina na anwani ya mwenye leseni hiyo. Mara nyingi wezi huiba nakala ya leseni ya kweli wakabadilisha anwani ya kupelekea mzigo, na ukurasa huo ndio unaowaumbua.

Kuhusu malipo tunasema kwa ufupi. Anayedai kadi za zawadi, sarafu za mtandaoni, au pesa itumwe kwa simu kwa jina lisilofanana na la muuzaji, mwache. Bunduki inayouzwa madukani kwa dola 900 ikitangazwa kwa 300 na tovuti iliyofunguliwa juzi, iache vilevile. Lipa kwa kadi ya mkopo pale inapokubaliwa, kwa kuwa benki hukupa nafasi ya kupinga malipo. Mwombe muuzaji picha mpya ya bunduki ikiwa pamoja na karatasi yenye tarehe ya siku hiyo, maana picha za wizi hazina karatasi hiyo. Wala usiharakishwe na saa ya mnada: kwenye GunBroker dau likiwekwa katika dakika za mwisho muda huongezwa, ili wengine wapate kujibu.

Bunduki ya kwanza inunuliwe dukani

Hapa chama kina maoni ambayo baadhi ya wenzetu wenye uzoefu hawakuyapenda, na bado tunayasimamia. Anayenunua bunduki yake ya kwanza asiinunue mnadani. Aende duka la mtaani kwake, aishike, aitie begani, aone kama kitako kinamfaa urefu wa mkono wake, kama anafikia kitufe cha usalama bila kuhangaika, kama uzito wake anaweza kuubeba kutwa nzima porini. Kina mama wengi na vijana wembamba wameuziwa bunduki zenye kitako kirefu cha mwanaume mrefu, zikawapiga begani mpaka wakauchukia mchezo wote. Picha haiwezi kukuambia hayo. Ukijumlisha dau, usafirishaji, ada ya duka na kodi, mara nyingi bunduki iliyotumika iliyo kabatini kwa muuzaji wa jirani inakuwa nafuu. Naye muuzaji huyo utamkuta kesho ukiwa na swali.

Mnada una faida yake kwa anayejua anachokitafuta, hasa bunduki za zamani za kijeshi na za uwindaji ambazo hazitengenezwi tena. Lakini hizo ndizo zinazotaka jicho la fundi. Bunduki za Springfield za mwaka 1903 zilizotoka kiwanda cha Springfield Armory zikiwa na namba iliyo chini ya 800,000 zinajulikana kwa chuma kilichopashwa moto kupita kiasi, na baadhi zilipasuka mikononi mwa askari. Bunduki za marisawa za zamani zenye mitutu ya Damascus, ile yenye mistari mizuri kama maji, zilitengenezwa kwa baruti nyeusi. Risasi za siku hizi zinaweza kuupasua mtutu huo. Si za zamani peke yake zenye mashaka: mwaka 2014 Remington ilizirudisha kiwandani bunduki za Model 700 na Model Seven zenye kifyatulio cha X-Mark Pro zilizotengenezwa kati ya Mei 2006 na Aprili 2014, kwa kuwa zingeweza kulia bila kifyatulio kuvutwa. Bunduki hizo bado hubadilisha wenyewe kwa mitumba. Tafuta namba ya silaha katika taarifa za kiwanda kabla ya kuweka dau.

Bunduki ikifika dukani, ikague kabla ya kujaza fomu. Wauzaji wengi hukupa siku chache za kukagua na kuirudisha, na haki hiyo huisha mara unapokabidhiwa rasmi. Mwombe mwenye duka aifungue, mwangalie chemba kama ni tupu, mtutu kama una kutu au umevimba, skrubu kama zimelazimishwa. Linganisha namba iliyo kwenye chuma na ile iliyoandikwa mnadani. Ukikuta namba imefutwa au imekwaruzwa, ondoa mkono. Kumiliki silaha iliyofutwa namba ni kosa la shirikisho, hata kama si wewe uliyeifuta.

Fomu 4473

Karatasi hii ina maswali yanayoonekana mepesi, na kila jibu lake ni kiapo. Anayesema uongo kwa makusudi anaweza kufungwa hadi miaka 10, hata kama bunduki hakuipata.

Kwanza hadhi ya uhamiaji. Asiyeishi nchini kihalali haruhusiwi kushika silaha wala risasi. Aliyepo kwa viza ya muda, kama ya masomo, ya matembezi au ya kazi, naye haruhusiwi, isipokuwa sheria imempa msamaha, na unaojulikana zaidi ni wa mwenye leseni hai ya uwindaji iliyotolewa na jimbo la Marekani. Katazo la viza haliwagusi wenye ukaazi wa kudumu, wale wa grini kadi, wala wakimbizi waliopokelewa kihalali. Watu hao hutakiwa kuandika uraia wao na namba yao ya uhamiaji kwenye fomu. Mwenye kesi ya hifadhi inayoendelea, au ambaye viza yake imekwisha akingojea jibu, asiguse silaha kabla ya kumwona wakili wa uhamiaji. Tunasema asiguse kwa sababu sheria inakataza kushika, na kukodi bastola kwa nusu saa kwenye uwanja wa shabaha ni kushika. Mpwa wako aliyekuja kusoma, shemeji aliyekuja harusini kwa viza ya matembezi, ukimpeleka uwanjani mkafurahi na kupiga picha, umemtia kwenye kosa ambalo picha hizo ni ushahidi wake. Sheria ya uhamiaji inayataja makosa ya silaha kuwa sababu inayojitegemea ya kumwondoa nchini mtu asiye raia, hata mwenye ukaazi wa kudumu wa miaka mingi.

Pili, fomu inauliza habari za hukumu za jinai, amri za mahakama za kumlinda mwenzi, makosa ya ukatili wa nyumbani hata yale madogo, na matumizi ya dawa za kulevya. Bangi imehalalishwa katika majimbo mengi, lakini fomu yenyewe ina onyo kwamba kwa sheria ya shirikisho jibu halibadiliki kwa sababu jimbo limeruhusu.

La tatu ndilo linalotutia hofu zaidi, kwa kuwa linagusa namna tulivyolelewa. Fomu inauliza: wewe ndiye mnunuzi halisi? Kwetu mtu mwenye karatasi nzuri humsaidia asiye nazo. Mwenye gari humnunulia mwenziwe sukari, mwenye akaunti ya benki hupokea mshahara wa binamu. Kwa silaha desturi hiyo ni jela. Mwaka 2009 mtu mmoja wa Virginia, Bruce Abramski, aliyewahi kuwa polisi, alimnunulia mjomba wake wa Pennsylvania bastola aina ya Glock, akitarajia punguzo la bei la polisi. Mjomba alimtumia hundi ya dola 400 mapema. Mjomba huyo hakuwa na kosa lolote, angeweza kuinunua mwenyewe, na bastola alikabidhiwa kwa njia ya duka lenye leseni huko kwao. Abramski alitiwa hatiani kwa kuandika kwamba yeye ndiye mnunuzi, na mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Marekani ikaithibitisha hukumu hiyo kwa majaji watano dhidi ya wanne. Mwaka 2022 Bunge lilifanya ununuzi wa namna hiyo kwa ajili ya mtu asiyeruhusiwa kuwa kosa lenye kifungo cha hadi miaka 15, na hadi 25 silaha ikikusudiwa kwa ugaidi, biashara ya dawa za kulevya au jinai nyingine kubwa.

Zawadi ya kweli inaruhusiwa: baba akimnunulia mwanawe mtu mzima bunduki kwa pesa zake mwenyewe, naye mwana ana haki ya kumiliki, hapana kosa. Pesa zikitoka mfukoni mwa anayepewa, hiyo si zawadi tena. Tunawataka wazee wetu, kina kaka na mashemeji wasiwatume wenye uraia dukani kwa niaba yao. Na anayetumwa akatae, hata akiitwa mchoyo.

Jambo la nne ni lugha. Maelekezo ya fomu yanasema kwamba mnunuzi asiyeweza kusoma au kuandika anaweza kujaziwa majibu na mtu mwingine asiye muuzaji, naye mnunuzi akatia saini yake mwenyewe, kisha watu wawili wasio wauzaji wakatia saini kama mashahidi. Wengi wetu hawakuijua nafasi hii, na wakaona aibu kuiomba. Chama kitateua wanachama wanaokisoma Kiingereza vizuri ili wamsindikize dukani kila anayetaka kufafanuliwa maswali kwa Kiswahili kabla ya kuyajibu. Kazi hiyo itafanywa bila malipo.

Majibu ya ukaguzi ni matatu: endelea, subiri, au umekataliwa. Watu wetu husubirishwa mara nyingi. Majina kama Hassan Juma au Amina Ali yanabebwa na maelfu, na wakimbizi wengi waliandikiwa kambini kwamba wamezaliwa Januari 1, hivyo majina na tarehe hugongana na za wengine kwenye kumbukumbu. Usimgombeze mwenye duka, wala usiende duka la pili ukabadilisha tahajia ya jina lako ili upite. FBI inao utaratibu wa rufaa, na unao pia wa kuweka taarifa zako kwa hiari ili upewe namba ya utambulisho itakayokutofautisha na wenye jina kama lako. Anayecheleweshwa kila mara aiombe.

Mauzo ya mkono kwa mkono

Sheria ya shirikisho haimlazimishi mtu asiye mfanyabiashara kumkagua mwenziwe wa jimbo hilohilo anayemuuzia bunduki yake. Majimbo kadhaa, kama California, Colorado, Washington na New York, yamelifunga pengo hilo. Chama kimeamua kwamba wanachama wake watapitia duka lenye leseni popote walipo, hata jimbo likiwa halidai hivyo, na hata anayeuziwa akiwa ndugu wa damu. Muuzaji hubaki na ushahidi kwamba silaha imetoka mikononi mwake kwa halali. 

Tunakataza pia, bila ubaguzi wowote, kutia bunduki, kipande cha bunduki au risasi kwenye kontena au pipa la mizigo linalokwenda nyumbani Mombasa, Dar es Salaam au kwingineko. Kuitoa silaha Marekani kunataka kibali cha serikali ya hapa, na kuiingiza kunataka kibali cha serikali ya huko. Tumetoka katika nchi za Maziwa Makuu. Tunajua bunduki zilizoingia kimyakimya Kivu na Ituri zilifanya nini kwa mama zetu, na nchi zetu zilitia saini Itifaki ya Nairobi ya kudhibiti silaha ndogo mwaka 2004 kwa sababu hiyo hiyo.

Nyumbani

Nchini Marekani zaidi ya nusu ya vifo vya risasi ni vya watu waliojiua, na tangu mwaka 2020 risasi zimekuwa chanzo cha kwanza cha vifo vya watoto na vijana. Vifo hivyo hutokea ndani ya nyumba zenye silaha za halali vilevile. Duka linalokuuzia bastola linawajibika kisheria kukupa kifaa cha kuifunga. Kichukue na ukitumie siku ileile. Bunduki ikae tupu kwenye sefu, risasi mahali pengine, ufunguo mahali pasipojulikana na watoto. Katika jamii yetu wapo waliobeba vita mioyoni, na huzuni yao huja kwa misimu. Mwenye nyumba akiona mwenziwe amebadilika, aitoe silaha nyumbani kwa muda kwa njia inayokubaliwa na sheria ya jimbo, hata kabla ya kutafuta maneno ya kumwambia. Namba ya simu 988 hupokea watu wenye mawazo ya kujiua saa zote, na mpigaji anaweza kuomba mkalimani.

Tunachoomba kwa wenye maduka

Tunawashukuru wenye maduka waliotuvumilia tulipokuwa tukitafuta maneno kaunta. Tunawaomba wamruhusu mteja kuichukua nakala ya maswali ya fomu aende akaisome kwanza, wasimharakishe anayekuja na msindikizaji, na wasimjazie majibu kwa nia ya kumsaidia, maana maelekezo yenyewe yanawakataza. Wakiona dalili za mtu kununua kwa ajili ya mwingine, wakatae mauzo. Tutasimama nao hata kama aliyekataliwa ni mwanachama wetu.

Mwanachama atakayethibitika kumnunulia silaha mtu asiyeruhusiwa, au kumuuzia mtu yeyote silaha nje ya duka lenye leseni, ataondolewa uanachama. Orodha ya wasindikizaji itapatikana kwa makatibu wa matawi kabla ya msimu ujao wa kulungu, na kila tawi litawasomea wanachama wake tamko hili kwa sauti, ili asiyesoma naye alisikie.

Limetolewa na Kamati ya Utendaji kwa idhini ya mkutano mkuu wa wanachama.